Doa Jekundu la Fundi Nozeli

Fundi nozeli, mtengenezaji wa vile vipulizia dizeli vya injini, akishika mpini wa mashine ya kupimia hufumba macho, maana, kama asemavyo, nozeli nzima hukoroma na mbovu hujikojolea, na hayo yote husikika kwa masikio. Vidole vyake vimekakamaa kwa dizeli, lakini hushika zile washa, pete nyembamba za chuma za kurekebishia presha, kama mtu anayemtoa mtoto mdudu jichoni. Mdomo wake ndio hauna breki. Siku moja mwalimu, mama aliyekuwa mteja wake wa miaka mingi, alimletea nozeli nne za gari lake kuukuu lililoanza kufuka moshi mweusi.

"Mama, nani kagusa hizi?" alifoka. "Tatu zinafunguka sawasawa, ya nne inachuruzika! Washa moja haimo! Huyu si fundi, ni mchinjaji! Anyang'anywe spana mbele ya watu!"

"Lakini fundi..."

"Hakuna cha lakini! Mnapenda vya rahisi, kisha mnaniletea maiti nizifufue!"

Kwa hasira akaisugua ile ya nne kwa kitambaa mpaka masizi yakatoka. Chini yake kulikuwa na doa jekundu la rangi ya kucha, alama anayoiweka yeye peke yake kwenye kila nozeli aliyoipima. Mwalimu akatazama pembeni. Fundi akatafuta washa, akaiweka mahali pake. Kisha akayarudia matusi yote tangu mwanzo, bila kupunguza hata moja, safari hii akiitazama mikono yake.