Siku Yenye Balikuya Kulia Bwana Yangu

Bageni banatokaka Kolwezi siku ya Mungu asubuhi, mu magari ya kujaa vumbi ya njia, na kitu ya kwanza banafanya wakati banashuka ni kuvuta hewa. Banasimama tu pale, banafunga macho, banaivuta na pua mpaka kifua inapanda. Kisha banaanza kucheka. Banasema: ona hewa, ona vile hewa iko hapa. Mi nasimama na beseni ya maji ya kunawa mikono, nabaangalia. Ile mwaka tulihamia hapa, kila mara nilikuwa nabahesabia ile hewa mu roho, na haikuwa roho muzuri.

Mahali penye natumika ni pembeni ya ziwa ya Nzilo. Kuko bibanda bya majani, kuko bwato, kuko fasi ya kuchomea samaki. Mwenye kupenda maji, tata wa bwato, ule muzee mwenye kupiga kasia, anamuzungusha mpaka karibu na kisanga, kile kisiwa kidogo ya katikati ya maji, kisha anamurudisha mbele upepo ya saa ya mchana ianze kutupa mawimbi. Mwenye kupenda kuvua, tunamupatia ndoano na funza. Batoto banacheza mu maji mafupi, hapa ndani ya kamba yenye tulifunga. Mi nachomaka samaki, na bale benye kupenda kutembea nabapelekaka ku mawe ya juu. Kule unaona maji yote, na nyuma ya maji unaona bilima byenye makampuni ilikata sawa mukate. Banapiga foto ya maji. Bilima hawapigi.

Kifaransa yangu kidogo nilipata ku masomo ya mangaribi, wakati batoto yangu bangali badogo, naacha bukari, ugali yetu, juu ya moto na kukimbia na kalamu. Ni ile Kifaransa njo ilinipatia kazi hii. Lakini sikukuya ku ziwa juu ya kazi. Nilikuya juu ya kifua ya bwana yangu.

Alichimbaka mukuba, ile shaba, na kobalti kule Mutoshi, miaka mingi, mu mashimo yenye muntu anaingia amepiga magoti. Alikuwa anarudi nyumbani mweupe wa vumbi mpaka ndani ya masikio. Kwanza kikohozi ilikuwa ya asubuhi. Kisha ya asubuhi na mangaribi. Kisha haikuwa tena na saa. Mama muganga wa dispanseri alimusikiliza mugongo, akaniita inje, akasema dawa ya kurudisha ile mapafu haiko, lakini kama naweza kumutosha mu vumbi, kumuondoa kabisa, nimutoshe, apate kuvuta hewa safi siku zenye zimebaki. Hakusema ni siku ngapi na mi sikuuliza. Nilienda ku kanisa, nikapiga magoti, nikasema: Bwana, unipatie tu fasi ya hewa. Hii kazi ya ziwa ilikuya mbele mwezi imalizike. Mi naiita jibu, bantu bengine baiite bahati.

Patroni wa ile fasi alitupatia kanyumba ya udongo nyuma ya jiko. Alimusikia bwana yangu siku ya kwanza tu, wakati tunashusha bitu. Akaniita pembeni. Hakuwa muntu mubaya, alisema na sauti ya chini.

"Mama, bageni banakuya hapa kutafuta hewa. Kama banasikia muntu anakohoa, batasema hewa yenyewe iko mugonjwa."

Njo tukapatana vile: siku za kazi bwana yangu anakaa popote anataka, lakini siku ya Mungu, asubuhi kabisa, tata wa bwato anamuvusha mpaka ku kisanga, na blanketi, na kiti ya plastiki, na kopo ya uji. Anakaa kule mpaka magari yote ikienda. Kisha anamurudisha.

Naeleza vile tulikuwa, bila kuongeza. Siku za kazi ilikuwa muzuri. Alikuwa anakaa mbele ya maji na shati wazi, anavuta pumzi fupi-fupi sawa muntu anaonja mboga ya moto. Alipata tena kulala upande. Alitengeneza nyavu za bavuvi. Lakini siku ya Mungu, mi niko natembeza bageni, naonyesha ndege na mikono, na naona kule ku kisanga kitu kidogo ya rangi ya blanketi. Haisogei. Siku moja mama mumoja wa Kolwezi, na kofia kubwa, akaniuliza ule ni nani mwenye kukaa kule peke yake. Nikasema ni muntu anapumuzika. Akasema: eh, ule anajua maisha.

Sikumwambia uongo. Lakini ile siku sikukula.

Dada mukubwa ya bwana yangu anakaaka Kolwezi. Kwabo ni Kasai, babu yabo aliletwa juu ya kazi ya mine, na yaya, vile tunaitaka dada mukubwa, ni mwenye kushika familia yote mu mukono. Hakupenda tuhamie ku maji. Alisema ndugu yake atakufa kule sawa muntu hana bantu. Alikuwa anapiga simu, lakini ku ziwa rezo ni ya kutafuta: unapanda juu ya jiwe nyuma ya jiko, unageuka huku, unageuka kule, unashika neno moja, nyingine inaenda.

Siku moja ya Mungu akapiga asubuhi. Bwana yangu alikuwa amekwisha kuvuka. Mi nilikuwa na samaki mu mikono, magamba mpaka ku viwiko, nikapanda juu ya jiwe na simu kati ya sikio na bega. Yaya akauliza: ndugu yangu eko namna gani? Nikajibu vile ilikuwa. Nikasema: "Yaya, alivuka. Eko anapumuzika kule ngambo ya maji."

Rezo ikakatika.

Muntu mwenye hakulelewa mu makanisa yetu anaweza kukosa kuelewa. Kwetu neno kufa hatuisemaka juu ya muntu wetu. Tunasema alivuka. Tunasema anapumuzika. Tunasema eko ngambo. Ku mazishi muchungaji anasema paka ile tu, na nyimbo zinasema paka ile tu. Mi nilichukua maneno yote matatu, nikayapanga mbio-mbio, nikayatuma na simu ku muntu mwenye alikuwa anangojea kuyasikia tangu tulihama. Na nikarudi ku samaki yangu. Sikufikiri kitu. Nilifikiri tu kama makala ya moto itatosha ama haitatosha.

Ile siku bageni balikuwa bengi. Kulikuwa muziki, kulikuwa batoto mu maji, bengine banavua na kushindana nani atatosha samaki kubwa. Nilikuwa nimetoka kurudisha kikundi ya ku mawe, nabapangia sahani, wakati taksi-bisi ikaingia. Ilikuwa imejaa bamama. Walishuka kichwa wazi, bikwembe ya kufunga ku kiuno, na wakati mguu ya kwanza iligusa udongo kilio ikaanza. Yaya alikuwa mbele. Alikuwa ameshika kichwa na mikono mbili, anaita ndugu yake na majina yote ya utoto.

Bageni walifikiri ni mchezo. Nasema kweli. Walifikiri patroni aliita bamama ya kuimba, juu ya kufurahisha bantu. Bamoja bakatosha simu bakaanza kupiga foto. Kijana mumoja wa ku meza ya bia akapiga mikono, akafuata mwendo ya wimbo. Nilisikia ile mikono na nikatamani udongo inimeze.

Yaya akanikuta na sahani ya samaki mu mukono. Akaangalia sahani. Akaangalia meza, muziki, bantu na bia.

"Mwili iko wapi?"

"Mwili ya nani, yaya?"

"Ananiuliza ya nani. Bwana yake amevuka asubuhi, yeye eko anachoma samaki, na ananiuliza mwili ya nani."

Njo nikaelewa. Nikaweka sahani chini. Nikanyoosha kidole kuonyesha kisanga, na ile ilikuwa kosa ingine, juu bamama benye kumufuata bakalia zaidi.

"Mulimuzika kule?" akasema. "Mu kisanga? Sawa imbwa, bila sisi?"

"Yaya, eko anakunywa uji."

Hakuamini. Ilibidi tata wa bwato aende kumuchukua. Muntu mumoja alizimisha muziki. Tulisimama bote pembeni ya maji, bamama ya kilio na bageni na kaptula zabo, tunaangalia ile bwato inarudi polepole, na ndani yake blanketi, na ndani ya blanketi bwana yangu. Kilio ilikuwa inapunguka kila mara bwato inakaribia, sawa moto yenye hakuna muntu anaongeza kuni. Alishuka, akashika bega ya tata wa bwato. Akaangalia dada yake, na machozi, na bikwembe ku kiuno. Alielewa mbele yetu bote.

"Yaya," akasema, "unilie kwa nguvu kidogo, huku kwa maji nilikuwa nasikia nusu-nusu."

Bamoja bakacheka. Yaya akamupiga ku mukono, kisha akamushika, hakumuacha. Na wakati alimushika vile, kikohozi ikamuanza. Ile kikohozi yenye tulikuwa tunaficha miezi yote ikatoka mbele ya bantu bote, murefu, na maji, na kuinama mpaka chini. Nikaona mama mumoja anaita batoto yake batoke mu maji. Kisha mwengine. Kisha viti vya kukalia vikaanza kukunjwa, na milango ya magari. Mbele mangaribi ifike hatukuwa tena na mugeni ata mumoja.

Patroni akakuya. Alikuwa anaangalia meza tupu, na samaki yenye kupoa. Akaniambia, tena na ile sauti ya chini, kwamba kazi yangu naweza kubaki nayo, lakini bwana yangu anapaswa kurudi Kolwezi na hii taksi-bisi yenye ilileta bandugu, juu gari iko pale.

Nilijua Kolwezi ni nini kwa ile kifua. Nyumba yetu iko pembeni ya njia ya malori. Nilisema: "Tata, kama anaenda, ninaenda naye, na atakufa kule. Hapa anavuta pumzi. Nakuomba tu ile." Sikulia. Nilikuwa naomba ndani-ndani.

Patroni akafungua mikono, sawa muntu anasema si mi. Na bwana yangu akasema vizuri, atapanda gari, asiletee bantu matata.

Njo yaya akakaa chini. Nilifikiri amechoka. Alikaa ku udongo, akanyoosha miguu mbele, sawa bamama banakaaka ku kilio, akatandika kikwembe vizuri juu ya magoti. Bale benye alikuya nabo bakamuangalia, kisha bakakaa pia, mumoja mumoja, miguu mbele. Alikuwa ni yeye mwenye alikataa tukuye ku ziwa.

"Tata patroni," akasema, "shiye tulitoka Kolwezi na kilio, na kilio haijamalizika. Ukimufukuza huyu, tutaikalia hapa. Na siku ya Mungu yenye kukuya tutarudi, na ile ya nyuma yake, mpaka bageni bako bajue wimbo zetu zote."

Patroni alicheka kidogo. Alingojea naye acheke. Yaya hakucheka. Akafungua kinywa, akaanza polepole, na sauti ya chini kabisa, na bengine bakamupokea.

Walikwenda usiku haijaingia bado. Bwana yangu alibaki. Tangu ile siku hakuvuka tena ku kisanga. Siku ya Mungu alikuwa anakaa ku kiti yake mbele ya maji, kati ya bageni, anakohoa wakati kikohozi inamukuta. Bengine walikuwa banasogeza viti vyabo mbali. Bengine hawakurudi, na patroni aliniangalia kila mara meza zilibaki tupu, lakini hakusema tena. Tata mumoja alikuwa anamuuliza habari ya kutengeneza nyavu. Mi niliendelea kuomba Mungu amuponeshe, kila asubuhi, ku maji, juu kanisa ni mbali. Hakumuponesha. Ninasema ile bila kukasirika, lakini sisemi haikuniuma.

Alikufa mu kipwa, wakati mvua hainyeshaka, saa ya mchana, wakati wa upepo, miguu ndani ya maji, nikiwa pembeni nasafisha masufuria. Nilisikia tu kwamba hakukohoa tena. Nilipanda juu ya jiwe na kusema na yaya neno moja tu, ile yenye hatusemaka. Nilifikiri rezo imekatika, mpaka nikasikia anaanza kulia.

Ningali natumika pale. Batoto banasoma, na bageni banarudi kidogo kidogo. Siku ya Mungu yenye ilipita nilipeleka kikundi ku mawe ya juu. Mama mumoja, kijana, akasimama pale mwisho, akafunga macho, akavuta hewa mpaka kifua ikapanda, akaniambia: mama, hapa muntu hawezi kufa.

Nikamwambia achunge miguu, juu mawe ya pale inatelezaka.