Mama Subiri: Miaka 19 akipokea maoni ya wengine, ya kwake ameyameza

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, taa nane ndogo zinawaka kwa mpigo mezani kwake, zote nyekundu. Hajavua hata sweta. Anasukuma chupa ya chai chini ya meza kwa mguu, anavaa hedifoni kwenye sikio la kushoto, lile ambalo bado linasikia vizuri, na kubonyeza taa ya kwanza.

"Studio, habari za asubuhi. Nani mwenzangu?"

"Mwambie mtangazaji wako yule Mheshimiwa ni mwizi!"

"Nitamwambia, baba. Na wewe ni nani?"

"Mimi ni mwananchi mwenye hasira!"

"Hao leo ninao taa zote nane. Subiri kidogo."

Anaandika kwenye daftari lenye mistari: mwenye hasira, wa kwanza. Kisha anabonyeza taa ya pili. Ndiyo kazi yake hiyo kwa miaka kumi na tisa sasa, katika chumba ambacho watu wawili wakiingia, wa tatu anabaki mlangoni. Mbele yake kuna kioo, na nyuma ya kioo ameketi mtangazaji ambaye wasikilizaji wanamwita Ngurumo. Akiwa hewani sauti yake inatikisa madirisha. Akizima kipaza sauti anaongea kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Mama Subiri ndiye anayepokea simu za kipindi cha maoni cha asubuhi. Anauliza jina, anapanga foleni, anapitisha. Jina hilo alipewa na wapigaji wenyewe, kwa sababu hawajamsikia akisema neno jingine mara nyingi kama hilo. Kwa saa tatu zinaingia simu mia na arobaini hivi. Zinazofika hewani ni thelathini.

Tangu wiki tatu zilizopita, zote ni za jambo moja.

Chama kikubwa kilipiga kura za mchujo ili kupata mgombea wake wa urais. Waliobaki ni wawili, Mheshimiwa na Profesa. Usiku Profesa alikuwa anaongoza, kulipokucha Mheshimiwa akatangazwa mshindi, na kila upande ukashika karatasi zake na kusema ndizo za kweli. Kabla vumbi halijatulia ikaibuka kashfa: vitanda mia sita vya wodi za wazazi, vilivyolipiwa Mheshimiwa alipokuwa mkubwa wa wizara, havikuonekana hospitali hata moja. Chama kimesema kura zitahesabiwa upya. Mheshimiwa amesema anachafuliwa. Wananchi wamepiga simu.

"Nimechoka," anasema Mama Subiri, na halisemi kwa kulalamika. Analisema kama mtu anayetaja umri wake. "Anayemtetea anapiga kelele, anayempinga anapiga kelele. Sikio halijui nani mwema. Linauma kote kote."

Kwa mwenye hasira zilizopita kiasi, Mama Subiri ana dawa yake. Anamtegea kitendawili.

"Kitendawili!"

"Mama, mimi nina jambo zito la taifa!"

"Najua, mwanangu. Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Wako wanane, wanalia pamoja, hakuna mwenye chozi."

Kicheko. "Si simu zako hizo, mama?"

"Umepata. Sasa ukifika hewani ongea hivyo hivyo, kama mtu."

Nyumbani hakuna nafuu. Mumewe, dereva mstaafu, yuko na Mheshimiwa, kwa sababu ya barabara ya lami iliyopita karibu na mlango wao. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, anayelala chumba cha uani, yuko na Profesa. Ndugu hawa hawajasalimiana kwa siku kumi na moja. Mume anasema, "Mwambie mdogo wangu apunguze redio." Shemeji anajibu, "Shemeji, mwambie kaka angekuwa na hoja asingeogopa redio."

"Kwa hiyo nikitoka kazini naingia kazini," anasema, akimimina chai. "Tofauti ni kwamba huku kuna taa."

Jumatatu iliyopita meneja wa kituo aliweka karatasi mezani kwake. Ilikuwa na majina matano na namba za simu.

"Hawa wapite kwanza, mama. Kila siku. Ni agizo kutoka juu."

"Juu wapi, mwanangu? Hii nyumba haina ghorofa."

"Usinichoshe. Watu wa Mheshimiwa wamelipia matangazo ya mwezi mzima."

"Matangazo yasomeni. Foleni je?"

Meneja, kijana aliyeanza hapo kama mfanyakazi wa muda na kufundishwa na mama huyu huyu namna ya kushika simu mbili kwa pamoja, aliangalia viatu vyake. Kisha akasema lile alilotumwa kusema. Kuna mashine siku hizi inayopokea simu na kuzipitisha yenyewe. Ikiwa foleni imemshinda, mwisho wa wiki wataamua.

Mama Subiri amebakiza miaka mitatu kustaafu. Mshahara haujapanda kwa miaka sita, lakini ndio unaolipa kodi ya nyumba. Aliikunja ile karatasi, akaiweka chini ya chupa ya chai, na watu watano wale wakawa wanapangwa kwenye daftari kama wengine wote, kila mmoja kwa zamu aliyopigia.

Watatu kati yao, kama alivyogundua mapema, walikuwa mtu mmoja. Alimjua kwa kikohozi. Jumatatu alikuwa fundi viatu, Jumanne mfugaji, Jumatano mwalimu.

Alhamisi akapiga tena, zikiwa zimebaki dakika tisa kipindi kiishe.

"Leo wewe ni nani, mwanangu?"

"Leo... mimi ni mkulima."

"Hongera. Unalima nini?"

Karatasi ikasikika ikigeuzwa. "Nalima... mazao."

Mama Subiri ana swali moja analowauliza anaowashuku. Anasema halijawahi kumwangusha, kwa sababu halimo kwenye karatasi ya mtu yeyote. "Hebu chungulia dirishani. Nje kwako kuna nini?"

"Nje? Ngoja... Nje kuna maendeleo."

"Yana rangi gani?"

Yule mtu akashusha pumzi. Sauti yake ilipobadilika ikawa ya kijana mchovu tu. "Mama, nipitishe. Nisiposikika leo hawanipi kitu. Nina watoto."

"Nakuamini. Wako sita mbele yako na wao wana watoto. Subiri kidogo."

Wa kwanza katika foleni alikuwa mwanamke aliyepiga saa mbili na dakika ishirini na tano. Nyuma yake mtoto alikuwa analia. Alikuwa amesubiri dakika arobaini, na mara mbili alikuwa ameuliza kama salio lake litatosha. Mlango ukafunguliwa, meneja akasimama hapo, simu sikioni, akionyesha kwa kidole karatasi iliyo chini ya chupa. Nyuma ya kioo Ngurumo alikuwa ameinua kidole kimoja: simu moja ya mwisho.

Mama Subiri akabonyeza taa ya mwanamke.

Yule mwanamke hakutukana mtu. Alisema hajui nani alishinda mchujo wala hataki kujua. Alisema yeye alilala na wenzake wawili kwenye kitanda kimoja siku ya kujifungua, na anaomba tu, huyo atakayeshinda, wa kwanza au wa pili, aende wodini akalale humo usiku mmoja. Kisha salio likakatika.

Ngurumo alifunga kipindi kwa muziki.

Jambo ambalo hakuna mtu kituoni aliyekuwa analijua, wala meneja wala Ngurumo, ni hili. Miaka miwili iliyopita binti wa Mama Subiri alijifungulia sakafuni, juu ya shuka ambalo mama yake alikuwa ametoka nalo nyumbani. Vitanda vilikuwa viwili na wazazi watano. Muuguzi, ambaye naye alikuwa anakaribia kulia, alimwambia, "Samahani mama, vitanda viko njiani."

"Miaka miwili viko njiani," anasema. "Hata mimi na miguu yangu hii ningekuwa nimefika."

Mjukuu yuko, anatembea, anavuta waya za simu akiletwa kituoni. Lakini bibi yake hakuwahi kulisema lile kwa mtu, hata nyumbani, maana anayepanga foleni akianza kuwa na upande, foleni imekwisha. Je, alimpitisha yule mwanamke kwa sababu ya binti yake?

Anasogeza daftari. "Ilikuwa zamu yake. Daftari lipo, lisome. Lakini nikikwambia sikufurahi, Mungu ananiona."

Ijumaa meneja alikuja na barua. Aliiweka mezani taratibu, akasema, "Nisamehe, mama," na mama akamwambia anywe chai kwanza. Mashine ya kupokea simu inawekwa mwisho wa mwezi. Yeye hana nafasi nyingine.

Kodi atasaidia kuilipa kwa kushona. Cherehani ya marehemu mama yake bado inazunguka, na majirani wawili wameshaleta vitambaa. Hilo halimnyimi usingizi sana. Linalomchangamsha ni jingine, na akilisema uso wake unapata umri wa msichana.

Jumatatu ya kwanza akiwa nyumbani, atafunga mlango wa chumbani na kupiga namba ya studio.

"Mashine ikipokea?"

"Itaniambia nisubiri." Anacheka, kwa mara ya kwanza asubuhi hii. "Kusubiri inifundishe mimi?"

Sebuleni mumewe atakuwa amewasha redio, kama kila siku. Uani shemeji atakuwa amewasha ya kwake, kituo hicho hicho, kwa sauti kubwa zaidi. Hapo watamsikia wote wawili kwa pamoja, bila kumtuma kwa mwenzake, akieleza mjukuu wao alizaliwa juu ya nini, na kuuliza vitanda vimefika wapi.

Taa ya tatu inawaka. Zimebaki siku kumi na mbili. Anairudisha hedifoni sikioni.

"Studio, habari za asubuhi. Nani mwenzangu?"