Naenda Kuimba Musoma

Kabla sijaikubali kazi ya duka la vitambaa mjini Kisii, nilimwambia mwenye duka kwamba Desemba nitakuwa Musoma. Kaka yangu alikuwa amenisihi nifunge mdomo. "Hiyo kazi ingia kwanza," alisema. "Safari utaitafutia uongo baadaye."

Sikutaka. Kwaya ya Musoma ilikuwa imetutembelea kijijini kwetu Kebirigo mwaka uliotangulia. Walilala kwenye vitanda vyetu sisi tukalala chini, wakala kuku wetu, na tukaahidi kanisani Jumamosi, siku yetu ya ibada, mbele ya kila mtu kwamba nasi tutakwenda kwao. Sauti ya pili ilikuwa mimi na wasichana wawili wenye haya. Nisingeenda, nani angeimba?

Mwenye duka, mama wa Kihindi mkavu wa maneno, alikuwa amenijaribu kwa kunikatisha kitambaa, akaridhika. Niliposema Desemba, aliweka mkasi chini.

"Wewe, hata hujaanza, unaomba likizo? Desemba watu wote wananunua nguo ya Krismasi!"

"Siombi likizo, mama. Nakuambia nitakakokuwa, ndiyo usinitafute."

Kazi niliihitaji sana. Nyumbani tulitegemea majani chai peke yake, na hayakututosha.

Mama alitupa jicho nyuma ya duka, alikokuwa mumewe, akanisogelea. "Mzee hatakubali mambo ya kuimba," alininong'oneza. "Nitamwambia uko na matanga. Matanga hakatai."

Alisema kweli. Kwetu hakuna tajiri anayethubutu kumnyima mtu ruhusa ya kwenda kuzika, ndiyo maana kila Desemba nyanya zetu hufa kwa wingi, wengine kwa mara ya tatu. Alinitakia mema, najua. Bado nilikasirika. Ningemzika nani? Nyanya yangu alikuwa anachuma chai Itumbe asubuhi hiyo hiyo.

"Kwetu hakuna aliyekufa," nilisema kwa sauti ya kanisani. "Mwambie mzee naenda kuimba."

Cherehani ya huko nyuma ilinyamaza. Mzee akatokea, tepu ya kupimia shingoni, akanikazia macho.

"Hapa wafanyakazi wangu wamezika nyanya wengi," alisema. "Wa kuimba ni wewe wa kwanza. Anza Jumapili."

"Jumapili nitakuja," nikamjibu. "Lakini Desemba siko."

"Nimesikia!" akafoka, akarudi kushona.