Dumu Lililoongezwa Maji

Mimi ni mwalimu wa kemia, na ukinisikia nafundisha utadhani kemia ilianzia nyumbani kwetu. Kwa hiyo vidugamba, wale wadudu wafyonzaji, vilipovamia mibuni ya mama kule Matiri, sikuomba ushauri wa mtu. Nilichanganya mafuta ya alizeti, sabuni ya maji, spiriti na maji kidogo, nikakoroga mpaka dawa ikang'aa kama chai ya rangi. Siku ya kupuliza, unamimina kikombe kimoja kwenye bomba, unajaza maji ya kijito, unapuliza papo hapo. Mibuni ikapona. Nikamwachia mama dumu zima na sheria moja: ikiwa bado inang'aa, ni nzima. Kisha nikarudi shuleni kwangu Mbamba Bay, nikitembea kwa maringo.

Haukupita muda mama akapiga simu. Jirani yake, mjane tunayemwita mama mkubwa, alikuwa ameomba dawa. Kwetu mtu akileta chombo, unakijaza. Dumu lilikuwa limepungua, basi mama akaongeza maji, kama anavyoongeza kwenye mchuzi wageni wakifika. Akatikisa, akaangalia, inang'aa, akampa. Mama mkubwa akaiweka siku tano akingoja mvua ikatike. Alipopuliza, miche yake mipya yote ikaungua majani. Sasa alikuwa anasema mama amemfanyia wivu, na kwenye sala za jumuiya walikuwa hawakai benchi moja tena.

"Nani alikutuma kuongeza maji, mama?" nilimfokea.

"Sawa, mwanangu," akasema, akakata simu.

Ili nimthibitishie kosa lake, nilipanga chupa nne dirishani mwa maabara, ya kwanza kwa kipimo changu, kila inayofuata ikiwa na maji zaidi. Nilitegemea zile za maji mengi zichafuke mara moja. Hazikuchafuka. Siku ya kwanza zote ziling'aa, na ya pili pia. Siku ya tatu moja ikawa nzito inavutika kama mlenda. Ya tano, kwenye ile ya mwisho, mafuta yalikuwa yameelea juu, manjano matupu. Ni chupa ya kipimo changu tu iliyobaki vilevile.

Nililijua jambo hilo kwenye vitabu. Sabuni huyashika mafuta katika vitone vidogo usivyoweza kuviona. Maji yakizidi, vitone huanza kuungana polepole, siku hadi siku, na macho yako hayana habari; mwishowe mafuta hujitenga, na mafuta matupu huunguza majani. Mama aliangalia kama nilivyomwagiza. Sheria yangu ndiyo iliyokuwa mbovu, na niliona aibu mbele ya chupa zangu mwenyewe.

Jumamosi nikapanda Matiri, nikamchukua mama twende kwa jirani. Njiani tuliongea habari za mahindi.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba," akajibu bila kunitazama.

Nikamweleza yote: dawa ilikuwa yangu, sheria ilikuwa yangu, mama alimpa kwa moyo mweupe. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na mama yako umeshamwambia hivyo?"

Sikuwa nimemwambia. Nilisafiri siku nzima kwenda kumwomba radhi jirani, na mama aliyekaa pembeni yangu ndiye alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza.

"Nisamehe, mama," nikasema.

"Nimekusamehe," akasema mama. "Lakini hayo utayarudia jumuiyani, kwa sauti ileile uliyonifokea nayo."

Nikayarudia, nimesimama mbele, wanajumuiya wote wakiwa wamekaa.