Kibuyu Kisichojaa

Mnisamehe wasomaji kwa mwandiko mbaya na herufi nitakazokosea. Juzi hapa Liuli nilimwona mama akiogesha mtoto mnene, maji yakafurika karai, nikakumbuka.

Shuleni mwalimu alipima tofali kwa rula. Jiwe la ziwani halikuwa na pembe, kwa hiyo alilizamisha katika chungu kilichojaa maji, akakinga yaliyomwagika. Hayo, alisema, ndiyo ukubwa wa jiwe.

Nyumbani nikampima hivyo mdogo wangu Danieli, karai likiwa juu ya sinia. Maji yaliyomwagika yalijaza kibuyu.

Mama alicheka. “Huyo si jiwe, wewe.”

Danieli akaugua homa masika nzima. Alasiri moja nikampima tena. Maji yalinuka majani ya dawa, na kibuyu hakikufika nusu.

“Mama, nimekosea. Ngoja nirudie.”

“Hujakosea, mwanangu. Mtoe, anasikia baridi.”

Sikumwamini. Nililipindua karai nikatafuta tundu.

Wiki ile ile fundi seremala alikuja nyumbani, akampima Danieli kwa rula.

Aliyewahi kumwogesha mdogo wake, naomba aniandikie. Nitajibu, ingawa naandika polepole.