Kuchi wa Mama

Harufu ya tumbaku kavu ikinipitia puani, hata nikiwa sokoni nachagua nyanya zangu, mimi huona kiota. Watu wengine wa Mpanda huona shamba na moshi wa bani la kukaushia tumbaku. Mimi naona beseni la plastiki lililopasuka ukingo, na mama amechuchumaa mbele yake, anatandika majivu na majani ya tumbaku ili utitiri usimsumbue kuku atakayeatamia. Kuku mwenyewe alikuwa mtetea mdogo mweusi, asiye na sifa yoyote duniani. Na mayai aliyowekewa hayakuwa yake.

Tulikaa Makanyagio, mjini Mpanda, baba, mama na mimi. Mama kwao ni upande wa Tabora, na alipoolewa alikuja na kuku wa kuchi aliopewa na bibi, mama yake mzazi. Kama hujawahi kumwona kuchi, nikwambie: ni kuku wa asili, mrefu wa miguu na shingo, kifua wima, kilemba kidogo kilicholala juu ya kichwa. Jogoo wetu alikuwa akizunguka uani kama mwenyekiti wa mtaa aliyekuja kukagua vyoo. Wapita njia walisimama kumtazama, na kila aliyesimama aliomba mbegu.

Lakini kuchi si kuku wa kukurahisishia maisha. Hutaga mayai machache, hukua polepole, na jike lake ni zito mno. Likiatamia huyakanyaga mayai na kuyavunja. Kwao mama walilijua hilo tangu zamani, ndiyo maana mayai ya kuchi walimwekea kuku mwepesi ayaatamie. Kwa akina baba, kule Kasansa, hawakuwahi kufuga kuchi, kwa hiyo jambo hilo hawakulijua. Naomba mlishike hilo, maana ndiyo habari yenyewe.

Mwaka mmoja kideri kilipita mtaani kikafagia mabanda. Kwetu walibaki jogoo mmoja na jike moja, na huyo mtetea mweusi ambaye hata ugonjwa ulimdharau. Bibi alikuwa amekwisha kufariki, na wale kuku ndio kitu pekee cha kwao alichobaki nacho. Jike lilipoanza kutaga tena, mama aliokota yai mojamoja, akaliweka ndani ya bakuli la pumba chini ya kitanda. Mimi nilipewa kazi ya kuyatia alama ya mkaa, yasije yakachanganyika na ya mtetea. Sijawahi kupewa cheo kikubwa kama kile tangu siku hiyo.

Mtetea akiwa bado anayaatamia mayai hayo, baba aliugua ghafla akafariki. Nilikuwa na miaka tisa. Siwezi kuwaeleza sana msiba wenyewe, kwa kuwa nakumbuka miguu ya watu kuliko nyuso zao. Nakumbuka mama ameketi kwenye mkeka ukutani, kanga imemfunika hadi kwenye nyusi, haruhusiwi kushika kazi yoyote. Nakumbuka pia baba mkubwa, kaka yake baba, aliyefika kutoka Kasansa na kukaa nasi mpaka mwisho.

Jioni moja alikuja akasimama mbele ya mkeka.

"Shemeji, nyumba utakaa tu, hakuna wa kukufukuza," alisema. "Ila hawa kuku wakubwa nitaondoka nao. Ni mali ya marehemu. Na Salome naye aje akapumzike kwangu kidogo."

"Sawa, shemeji," mama alijibu.

Mimi kwenda Kasansa nilikufurahia, kulikuwa na watoto wenzangu na miwa. Nilichochukia ni habari ya kuku. Nilimsogelea mama nikamwambia si wa baba, ni wa bibi. Akanifinya paja.

Kesho yake ilikuwa siku ya kumaliza msiba. Kwa desturi ya pale kwetu, siku hiyo wazee hupikiwa kuku wa nyumba ile, na mjane huulizwa wachinjwe wepi. Ni adabu tu. Mjane hujibu, "chagueni nyie," na mambo yanaendelea. Lakini akitaja, limepita; hakuna wa kuwanyima waombolezaji kitoweo kilichokwisha kutajwa.

Shangazi, dada yake baba, alipiga magoti kwenye mkeka. "Wifi, wazee wanataka kitoweo. Tuchinje yupi?"

Mama alitoa mkono ndani ya kanga akaonyesha uani. "Wale kuchi. Wote wawili."

Baba mkubwa alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. "Shemeji, hao si tuliongea jana?"

"Kwani wazee wa mume wangu wasile kuku wazuri?"

Mzee mmoja akakohoa, akasema, "Mjane ameshasema. Shida iko wapi?" Baba mkubwa akarudi kwenye chai yake, ila hakuinywa.

Nilipiga kelele kama niliyeungua. Watu walidhani namlilia baba. Mama akanivuta, akaninong'oneza, "Kampe maji mtetea. Usiende mbio."

Nilikwenda. Mtetea akanidonoa mkono kwa hasira zake za kawaida, na chini ya tumbo lake nikapapasa mayai, yana joto, yana alama zangu za mkaa. Ndipo nilipoelewa: mbegu ya bibi ilikuwa imebaki pale, na baba mkubwa asingeondoka nayo. Jioni baba mkubwa alizunguka uani kutafuta kilichobaki, akachungulia kwenye beseni, akasema, "Haka kakuku kabaki tu." Nilitazama chini nisije nikacheka.

Niliondoka kwenda Kasansa nikidhani tumeshinda.

Kule kupumzika kidogo kukawa kuandikishwa shule. Siku moja mama alipiga simu, baba mkubwa akaweka sauti kubwa wote tusikie, na mama akasema yule mtetea ameangua, vifaranga wazima. Baba mkubwa alipiga miayo. Mimi nilikwenda kurukaruka nyuma ya nyumba peke yangu. Kila likizo mama aliponiomba, palikuwa na sababu: mara mavuno, mara mitihani, mara "mtoto ni wetu, una haraka gani?" Sikuteswa, nisiwazulie watu. Lakini kidogokidogo nikaanza kumchukia mama. Kwa kuku alipata akili. Kwangu alisema, "Sawa, shemeji."

Nilirudi Makanyagio baada ya kumaliza kidato cha nne. Uani palikuwa pamejaa kuchi, warefu, wenye dharau, kama zamani. Jirani aliniambia mama hajawahi kumchinja hata mmoja tangu ule msiba. Walioomba aliwapa mayai tu. Mama alinikumbatia muda mrefu. Kisha akaniuliza ninakunywa chai ya maziwa au ya rangi, kwa kuwa hakujua.

Mchana aliita kijana wa jirani, naye akamkamatia jogoo mzuri kuliko wote, achinjwe. Alinitengea peke yangu, akaninawisha mikono, na juu ya nyama ameweka firigisi.

"Mama, firigisi ya nini?"

"Kula, mwanangu. Umetoka mbali."

Watu wa kwetu mnajua firigisi huwekewa nani. Ni ya mgeni. Nilimtazama amekaa kwenye mkeka akinisubiri nianze, na hasira yangu ya miaka yote ikakosa pa kusimama. Mayai aliweza kuyaficha kwa sababu hakuna aliyeyatazama. Mimi nilikuwa natazamwa na ukoo mzima, nina jina lao, na hapakuwa na kuku wa kunifunika. Aliokoa alichoweza, na alijua siku ileile, akiwa ukutani, kwamba mimi simo.

Nilikula. Nyama ya kuchi ni ngumu, inataka meno. Mama aliniacha nitafune, kisha akaniuliza kwa adabu kama chumvi imetosha.