Maua ya Zambarau Mlangoni kwa Bibi Wankuru

Siku ile naikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu, mwanangu Upendo, na leo nitakusimulia. Kaa. Viatu viache hapo hapo kizingitini, usinikanyagie uwanja. Najua zamu yako hospitalini inakusubiri, lakini asubuhi hii nimefagia chini ya dirisha lako nikaliona lile kopo la maziwa, limejaa vichwa vikavu vya maua ya zambarau. Nimesema limejaa? Liko nusu. Nusu nyingine iko wapi sijakuuliza bado, kwa sababu jibu lake naliogopa. Nisikilize kwanza.

Nilifika hapa Turwa nikiwa msichana, mwalimu mpya kutoka Lushoto, Kikurya sijui hata neno moja. Nikapanga chumba kwa Bibi Wankuru, mjane mwenye shamba moja tu la ulezi, hilo hapo nyuma ya uzio. Shamba hilo ndilo lilikuwa uji wake na ugali wake, mwaka mzima. Akanimegea kona ndogo nipande mahindi, kisha akaenda Sirari kumuuguza binti yake aliyejifungua kwa shida. Alikaa huko miezi minne na zaidi.

Huku nyuma mahindi yangu yakaota, na katikati yake yakaota maua. Jamani, maua! Yalifika gotini, zambarau tupu, na nyuki juu yake asubuhi hadi jioni. Upweke ulikuwa unanitafuna, mwanangu, sina wa kucheka naye, nikasema basi hawa ndio wenzangu. Nilipalilia magugu yote, maua nikayaacha, nikayazungushia mawe ili yapendeze. Mahindi yakadumaa, yakanyauka utadhani yana kiu, na udongo umelowa! Mimi na usomi wangu nikasema yamekosa mbolea.

Mtu wa kumuuliza nilikuwa naye. Jirani alipita kila siku na ng'ombe wake, ananisalimia. Sikumuuliza. Niliona aibu, mwalimu mzima, kuuliza jina la ua.

Maua yalipokauka niliyakung'uta kiganjani. Mbegu zake ni vumbi, vumbi jeusi, huwezi kuiona moja peke yake. Nikazimwaga kulia na kushoto kwa njia, kuanzia mlangoni hadi barabarani, katikati kabisa ya shamba la bibi, ili mvua za msimu zikija nipite kwenye maua nikienda shule. Nilikuwa naimba, unasikia? Naimba huku namwaga.

Siku tatu baadaye bibi akarudi, mchana, mzigo kichwani.

"Shikamoo bibi! Pole na safari."

Macho yake yalikuwa kwenye kona yangu ya mahindi. Akautua mzigo polepole.

"Mwalimu, hiki kimejiotea, au wewe umekitunza?"

"Nimeyatunza, bibi. Si mazuri?"

"Mbegu zake ziko wapi?"

Nikamwonesha njia, na tabasamu langu lote. Bibi akakaa chini, hapo hapo kwenye vumbi, mikono kichwani. Sikiliza, Upendo: huyu bibi aliwahi kumfukuza fisi zizini kwa kijinga cha moto, akarudi kulala. Siku ile nilimwona ameogopa, na mimi kosa langu ni nini bado sijui.

"Hiki ni kiduha," akasema. "Kinashika mizizi ya mahindi na ulezi huko chini, kinanyonya. Ukikiona juu, tayari kimeshakula. Baba yangu aliacha shamba lake Kenyamonta kwa sababu ya kitu hiki. Tulihama na sufuria na njaa. Na mbegu yake haiozi upesi, inakaa ardhini miaka na miaka inasubiri. Mwalimu, umenimwagia njaa mlangoni."

Tuling'oa mabua yote tukayachoma. Nikachukua ufagio nikafagia njia, nikachota udongo kwa ungo, nikaosha viatu vyangu mara ngapi sijui, lakini utaokotaje vumbi kwenye vumbi? Na mawingu yalikuwa yanajikusanya. Wiki nzima nilikuwa nimeiombea mvua ije kuotesha maua yangu. Sasa nilikuwa nimepiga magoti njiani nikiomba isinyeshe. Ikanyesha. Tulisimama mlangoni, bibi na mimi, tukaona maji yanatoka njiani na kuingia shambani, pande zote mbili, yamebeba kile nilichokipanda. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Bibi akapanda ulezi wake, maana alikuwa na shamba hilo tu. Msimu ule wote sikuwa mtu. Kila nikiona jani limelegea, nachuchumaa nitazame chini yake. Nikaandika barua ya kuomba uhamisho, nikimbie kabla ulezi haujasimulia habari zangu. Bibi akaiona mezani, akaniuliza ni barua gani. Nikamwambia ukweli.

"Ukihama, nani atang'oa?" akasema. "Mimi magoti yangu haya? Utabaki, utang'oa na mimi. Kila msimu, kabla hakijachanua."

Barua nikaichana. Ulezi ulipofika gotini, vichipukizi vikatoka kando ya njia, vingi, na mwaka ule bibi alivuna nusu ya kawaida yake. Nusu nyingine ya chakula niliinunua mimi, tukala pamoja, na kila tonge lilikuwa zito kulimeza. Bibi alishafariki. Wajukuu zake ndio wanalima sasa. Mimi kila msimu bado naingia humo na mgongo wangu huu, na mwaka huu nimekipata tena, mashina matatu. Mwanangu, nilikuwa kama wewe, na sasa nywele ni nyeupe, na bado naogopa.

Sikukatazi maua ya porini. Ile bustani yako ya magugu pale nyuma, mgagani, mnavu, na yale manjano unayoyapiga picha kwa simu, mimi nayapenda, hata mboga nachuma bila kukuambia. Ninachokuomba ni hiki: kabla hujaotesha kitu usichokijua, muulize mwenye shamba linalopakana nawe, hata kama yeye hakusoma na wewe umesoma. Na ukikosea, usikimbie. Sema mapema, mvua haijanyesha, kisha ubaki ung'oe.

Mungu akulinde, Upendo. Mikono yako iponye wagonjwa, na ardhi hii ikusamehe upesi kuliko ilivyonisamehe mimi.

Haya, mwanangu. Mawingu unayaona. Sasa nakuuliza, na usinifiche: ile nusu ya kopo umeimwaga wapi?